Hapatikani kwa Sasa

"Hivi wewe Bi Siwatu, mumeo amekufa au amezima tu?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Somoe, jirani wa ukuta mmoja, siku moja walipokuwa wakianika nguo kwenye kamba yao ya pamoja. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na kibanio mdomoni, akauliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Siwatu akabaki na shuka mkononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Katika nchi nyingine swali hilo lingekuwa la kijinga. Mtu ama amekufa ama hajafa, na majirani ndio wa kwanza kujua. Lakini katika nchi hiyo mambo yalikuwa yamepangwa vizuri zaidi.

Nchi yenyewe ilikuwa na jina, tena jina zuri lililopatikana kwa jasho wakati wa uhuru. Ila kwa wakati ule lilikuwa limekodishwa kwa kampuni ya betri ya ng'ambo, na raia walikuwa wameombwa wasilitaje ovyo mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo watu walisema tu "hapa kwetu", na wageni wakasema "kule".

Hapa kwetu Mwenyezi Mungu alikuwa ameweka jiwe ardhini. Jiwe jeusi, zito, lenye harufu ya msumari wa kutu. Wachimbaji waliliita kaa. Serikali ililiita Mwangaza wa Taifa. Bila jiwe hilo simu za duniani zisingewaka, wala zile saa zinazomhesabia mtu mapigo ya moyo wake mwenyewe, wala majokofu yanayomkumbusha mwenye nyumba kwamba maziwa yamekwisha. Kitopeni, kijiji lilikotoka jiwe, umeme ulikuwa bado haujafika, na serikali ilishaeleza kuwa ni kwa sababu za kitaalamu.

Tabu ililetwa na huruma ya wateja. Watu wa mbali waliketi na simu zao mkononi, wakaanza kujiuliza kama kuna mtu aliyezifia. Wazo hilo likawanyima raha, na mteja asiye na raha hanunui. Wenye viwanda wakakutana kwenye hoteli yenye mabwawa ya kuogelea, wakajadiliana, wakalia kidogo, wakatoka na kibandiko. Cha kijani, ukubwa wa ukucha, kina picha ya jani na maneno: HAKUNA ALIYEKUFA. Machimbo yasiyo na vifo yatapewa kibandiko hicho. Yenye vifo yatanyimwa, na jiwe lake litabaki kuwa jiwe.

Serikali haikusita. Ilipiga marufuku kufa machimboni.

Waziri wa Mwangaza na Mawasiliano, Mheshimiwa Daktari Balozi Mhandisi Kilumanga, alilihutubia taifa. Alikuwa na sauti nene iliyotunzwa, kama kitu kinachofungiwa kabatini na kutolewa kwa wageni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwanza nikanushe uvumi kwamba watu wetu hufa. Mchimbaji aliye chini ya ardhi akawa hajibu simu, huyo si marehemu. Huyo ni mteja asiyepatikana kwa sasa. Na neno zito hapo, ndugu zangu, si 'asiyepatikana'. Neno zito ni 'kwa sasa'. Serikali yenu haiwezi kumkatia tamaa raia wake kwa kuwa tu amefunikwa."

Watu wakapiga makofi. Wengine walilia, na hao wakaandikiwa kwamba wamelia kwa furaha.

* * *

Shimo la Kitopeni liliporomoka siku ya uzinduzi wa mtandao mpya wa simu. Mshamu, mume wa Siwatu, alikuwa ndani na wenzake wa zamu ya asubuhi, mume wa Bi Somoe akiwa mmoja wao. Udongo uliingia, maji yakafuata, na juu pakabaki bonde la mviringo, kama godoro alilotoka kulalia mtu. Wanawake walikimbia na majembe. Askari wakawazuia, kwa kuwa kuchimba bila kofia ngumu ni hatari kwa afya.

Lakini lililowatia watu baridi halikuwa lile bonde. Ni simu. Siku zilizofuata, ukisimama pale ukatulia, ulizisikia zinaita chini ya ardhi. Moja ina mlio wa kasida, nyingine jogoo, nyingine mtoto anacheka. Wake zao walikuwa wanazipiga. Wanapiga, wanalaza sikio kwenye udongo, wanasikiliza mtoto akicheka kule chini, wanapiga tena. Halafu moja moja zikaisha chaji. Simu ya Mshamu ilikuwa na mlio ule ule iliotoka nao dukani, maana hakuwa mtu wa makuu, na simu nyingi zilikuwa na mlio huo. Kwa hiyo Siwatu hakujua ya mumewe ilinyamaza lini.

Kutoka wilayani akaja afisa na kipaza sauti. "Mnasikia wenyewe zinaita," akasema. "Simu ya maiti huita?"

Zilipokwisha kunyamaza zote, hakurudi kuuliza tena.

* * *

Siwatu alikuwa mwanamke wa swala tano, na darasa la saba alimaliza. Hakuwa na matata na mtu. Alichotaka ni kitu kimoja: kukaa eda. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani kwa muda ambao kila aliyesoma chuoni anaujua. Havai vya kung'aa, hapaki wanja, hatoki bila dharura. Ni haki ya marehemu, na ni haki ya mwanamke mwenyewe pia, maana humo ndani ndimo anamolia mpaka machozi yaishe kwa utaratibu. Na mumewe asaliwe. Mwili haukupatikana, sawa, lakini iko swala ya kumsalia aliye mbali.

Sasa ikawa kila asubuhi akishika chupa ya wanja anaiweka chini, anaishika tena. Akijipamba anamkosea mumewe. Asipojipamba anaikosea serikali, kwani amri ilikuwa imetoka kwamba mwanamke atakayeonekana na dalili za ujane bila kibali atahesabiwa ametangaza kifo, na kifo kilikuwa ni siri ya biashara.

Alikwenda kwa Maalim Chande, imamu wa msikiti wa pale Kitopeni. Alimkuta barazani anafuta miwani kwa ncha ya kanzu.

"Maalim, nataka Mshamu asaliwe."

Maalim akaendelea kufuta miwani, ingawa ilikuwa imeshatakata. "Bi Siwatu, mama, mimi nakuelewa. Wallahi nakuelewa. Lakini hata spika za msikiti huu wametufungia wao. Na betri wametupa wao. Juzi nilianza tu kusema 'tumuombee ndugu yetu', spika ikazimika yenyewe katikati ya neno."

"Basi sala bila spika."

"Nao watakaokuja kuswali, simu zao si ziko mifukoni?"

Maalim akavaa miwani, akamtazama, akaivua tena.

"Msalie kimoyomoyo," akasema. "Kimoyomoyo bado hawajapata namna."

* * *

Ofisi ya Upatikanaji ya Wilaya ilikuwa na kiyoyozi na picha ya Rais akiongea na simu. Afisa wake aliitwa Ndugu Ezron Mpakate, kijana mnene mwenye adabu, mwenye simu nne mezani zilizopangwa kama vijiko vya mgeni.

"Shikamoo mama. Karibu ukae. Nani hapatikani?"

"Marahaba mwanangu. Mume wangu. Amekufa."

Ndugu Mpakate akasimama, akafunga mlango, akarudi.

"Mama yangu, tusitumie lugha hiyo hapa. Nipe namba yake."

Siwatu alimtajia namba. Kijana akaipiga, akaiweka wasikie wote. Sauti ya yule mwanamke ambaye taifa zima linamjua na hakuna aliyewahi kumwona ikasema, kwa upole, kwamba mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

"Umesikia?" akasema Ndugu Mpakate. "Huyo dada hana sababu ya kutudanganya. Ingekuwa amekufa, si angesema amekufa?"

"Shimo limeporomoka, baba. Nimeliona kwa macho yangu."

"Shimo halikuporomoka. Limejirekebisha."

"Na waliokuwa ndani?"

"Wamerekebishwa nalo." Akakohoa. "Nisikilize mama. Kibandiko hiki ndicho kinachotulisha sote. Wewe ukikaa eda, ni mwanamke mmoja tu ndani ya nyumba, sawa. Lakini kesho atakaa mwingine, keshokutwa mwingine, na wakaguzi wanaona kwa setilaiti. Watatazama Kitopeni, watajiuliza, hawa wanawake mbona hawatoki?"

"Kwa hiyo mimi ni nani sasa?" aliuliza Siwatu. "Ni mke wa mtu au ni mjane?"

Ndugu Mpakate alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na swali kama hilo halikuwamo katika mafunzo yake.

"Wewe ni mke," akasema, "unayesubiri mtandao."

* * *

Muda si mrefu serikali ikaboresha huduma. Wanawake wa Kitopeni waliitwa shuleni, kila mmoja akapewa simu mpya yenye kibandiko cha kijani mgongoni, na kidude cha kuichajia kwa jua. Wakaambiwa sasa wapige zile namba za waume zao.

Siwatu alipiga akiwa jikoni, anasubiri maji yachemke. Simu ikaita. Ikapokewa.

"Siwatu," ikasema. "Umekula?"

Sufuria lilichemka likamwagika, likazima moto, naye yuko pale pale. Ilikuwa sauti ya Mshamu. Ule mkwaruzo wake, ule uvivu wa kumaliza neno.

"Assalaam alaykum," akasema taratibu, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa kukikabili kitu asichokijua.

"Na wewe vilevile, mpendwa mteja," ikajibu sauti ya mumewe.

Alikata. Alikaa chini sakafuni, akasoma Ayatul Kursiyyu, akapuliza pande zote, na ile simu nayo akaipulizia. Haikufanya kitu. Ilimulika tu kidogo, ikamwonyesha kwamba chaji imejaa.

Baadaye ilielezwa redioni kwamba kampuni ilikuwa na hifadhi ya maongezi yote ya wateja, ikayachambua, ikaunganisha neno na neno, ikatengeneza Sauti ya Nyumbani. Maneno ya dini yalikuwa yameondolewa, kwa kuwa bidhaa hiyo ilikusudiwa kuuzwa duniani kote na dunia ina dini nyingi.

Siwatu aliapa hatapiga tena. Akapiga. Kwanza ni ili kuhakikisha kwamba si yeye. Kisha ni kwa sababu sauti iliuliza, "Mvua imenyesha huko?" na Mshamu alikuwa na tabia ya kuuliza mvua. Ikafika mahali anaiweka simu juu ya kinu anapotwanga, wanaongea. Yaani, yeye anaongea, nayo inasema "Enhee" panapostahili.

Bi Somoe alimkuta hivyo siku moja, akajiegemeza mlangoni.

"Huyu wa sasa anakusikiliza kuliko yule," akasema.

"Somoe, toka."

"Sitanii, mwenzangu. Yule Mshamu wako ukiongea alikuwa anakata kucha. Mpe na mimi nimsalimie. Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, mpendwa mteja," ikasema simu.

Bi Somoe alicheka, halafu hakucheka tena. Akajifunga vizuri khanga yake mabegani, japo jua lilikuwa kali. "Mimi wa kwangu nimemchimbia chini kule shambani," akasema. "Yuko anaita huko huko. Nikipalilia namsikia."

Kitopeni kikawa kijiji cha ajabu. Mchana, wakati jua liko utosini na kuku wamelala, ukipita njiani ulisikia wanaume wakiongea katika kila nyumba. Minong'ono. Vicheko vifupi. "Umekula? Mvua imenyesha?" Na ukichungulia ndani, hamna mwanamume. Ni mwanamke peke yake na kitu kinachomulika. Mke mmoja aligombana na wa kwake akadai talaka, kwa kuwa aligundua kwamba hata majirani anawaita wapendwa. Waume wale hawakuugua, hawakudai chakula, na siku ya uchaguzi wote walipiga kura mapema kuliko sisi tulio juu ya ardhi. Rais aliwasifu kama raia wa mfano.

Siwatu naye akawa anachelewa kuswali. Ndicho kilichomtisha. Aliona kabisa kwamba anasahau. Uso wa Mshamu ulikuwa unamtoka, inabaki sauti, na sauti yenyewe haikuwa na Mungu ndani yake. Akisema "inshallah", ilinyamaza mpaka atakapobadilisha mazungumzo. Alijiambia, nikiendelea hivi nitakuwa mke wa hiki kitu. Na yule aliye chini ya udongo, nani atamkumbuka?

Akaacha kuichaji. Ikajichaji yenyewe dirishani.

* * *

Wakaguzi wa kibandiko wakatangazwa kuja. Barabara ya Kitopeni ilifagiliwa, lile bonde likapandwa nyasi na kuitwa Bustani ya Mapumziko ya Wachimbaji. Ukumbi wa shule ulipakwa rangi upande wa mbele. Ndugu Mpakate alikuja mwenyewe nyumbani kwa Siwatu na habari njema: amechaguliwa kuzungumza na mumewe jukwaani, mbele ya wageni.

"Kwa nini mimi?"

"Una sauti tulivu, mama. Na hukugombana na mtu."

Aliambiwa avae apendeze. Siku yenyewe alipaka wanja, akavaa dera la maua, hereni, na bangili zake za fedha, zile alizovikwa na Mshamu siku ya ndoa. Hakuwa na hakika kama anatenda dhambi. Ndugu Mpakate alimpitia kwa gari la ofisi, akamkalisha chumba cha walimu nyuma ya jukwaa, akampa kadi yenye maswali ya kuuliza. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye kazi yake itaonekana.

"Na leo utamsikia vizuri kuliko siku zote," akasema. "Ile sauti ya kila siku imetengenezwa kwa simu fupi fupi. Mumeo alikuwa mchache wa maneno. Ukumbini haifai, inakatika katika. Sasa watu wa makao makuu wakatafuta, wakapata simu yake moja ndefu. Ndefu sana. Ndiyo waliyoitumia. Hawakuwahi hata kuisikiliza yote, muda ulikuwa mdogo, lakini mashine imeisoma na kusema ni safi kabisa, haina kelele za barabarani."

"Mshamu hakuwahi kuongea na simu muda mrefu," alisema Siwatu.

"Siku moja aliongea. Ile siku ya uzinduzi wa mtandao."

Siwatu alimtazama. "Siku ile hakunipigia."

"Alikupigia, mama. Alikupigia sana." Ndugu Mpakate alikuwa anamsaidia kubana kipaza sauti kwenye mtandio, macho yake kwenye waya. "Ila siku ile njia zote zilifungwa kumpisha Rais apige simu ya kwanza. Aliyepiga kwingine aliambiwa mteja hapatikani, aache ujumbe. Kwa hiyo yeye alikuwa anapatikana. Wewe ndiye hukupatikana."

Waya ukakaa sawa. Akamgonga begani kwa upole, akaenda kupanga viti.

Siwatu alibaki peke yake na kadi. Angeweza kutoka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nje palikuwa na mbuzi wanakula mapambo. Alishika bangili zake zisigongane. Alisema, "Mola wangu, nipe miguu," na miguu ikampeleka jukwaani.

* * *

Mheshimiwa Daktari Balozi Mhandisi Kilumanga alikuwa anamalizia hotuba. Alisema zamani mtu wa hapa kwetu alikuwa akiingia shimoni anapotea, lakini leo, kwa teknolojia, hakuna anayepotea. Wakaguzi, mwanamke na wanaume wawili, waliketi mbele na chupa za maji. Mwanamke ndiye mkubwa wao. Pembeni yake mkalimani aliyevaa suti ya serikali. Nyuma yao, mpaka mlangoni, wanawake wa Kitopeni.

Siwatu akaketi mezani, simu mbele yake katikati ya maua. Ikaita. Ikapokewa. Ukumbi ukasikia mtu anahema.

Haikuwa kama ile ya jikoni. Hii ilikuwa na ukubwa wa mahali. Ulisikia ukuta wa mawe, tone la maji likidondoka mbali, mtu mwingine akikohoa.

Siwatu akasoma kadi, kwa sauti ya mwanafunzi hodari.

"Mume wangu, hali ya kazi ikoje?"

"Maji yamefika kiunoni," ikasema spika.

Mkaguzi akamwinamia mkalimani. Mkalimani akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari. "Anasema hali ni nzuri," mkalimani akatafsiri, "ila kuna unyevunyevu kidogo."

Mkaguzi akaandika.

Siwatu alitazama swali la pili. Maandishi yalimchezea machoni, akasubiri yatulie. "Je, vifaa vya usalama vinatosha?"

"Tochi imebaki moja. Tunaishika kwa zamu. Kondo ameishika muda mrefu, nadhani hataki tu kuiachia. Kondo. Kondo, niletee huku." Kimya. "Hasemi huyu."

Nyuma ukumbini, mke wa Kondo alikaa chini pale pale aliposimama.

"Anasema wanashirikiana katika matumizi ya taa," alisema mkalimani. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Ndugu Mpakate alikuwa pembeni ya jukwaa, uso umebadilika rangi, mkono kwenye swichi. Akamtazama Waziri apate ishara. Lakini mkaguzi alikuwa anatabasamu, akaonyesha kwa kidole kwamba waendelee, na Waziri akatabasamu pia, kwa kuwa kuzima simu mbele ya wageni kungeonyesha kwamba simu huzimika.

"Una ujumbe gani," Siwatu akasoma, "kwa watumiaji wa simu duniani?"

"Pokea," ikasema sauti ya Mshamu. "Siwatu, pokea simu. Wanasema hupatikani. Pokea basi."

"Anawaomba wateja waendelee kupokea bidhaa zetu," akasema mkalimani, safari hii kwa sauti ndogo sana.

Kadi ilikuwa imekwisha. Spika haikuwa imekwisha. Siwatu aliiweka kadi chini, akaisogelea simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Nipo," akasema. "Mshamu, nimepokea."

Ilihema. Maji yalikuwa karibu zaidi sasa.

"Basi nasema tu, hata kama hamna mtu. Nyie mnaohifadhi haya maneno, mwambieni mke wangu asinisubiri. Asikae kunisubiri, namjua. Waambieni wanisalie. Asiniache hivi hivi."

Kisha ikaja shahada, yote, polepole, neno moja moja, kwa kuwa waliotakiwa kuyaondoa maneno ya dini hawakuwa wamefika huko mwisho wa simu. Baada yake, maji. Baada ya maji, ule mlio wa simu iliyokatika.

Mheshimiwa Waziri akaanza kupiga makofi. Walinzi wake wakamfuata, na makofi yale machache yakasikika kila moja peke yake.

Siwatu hakulia. Alisimama. Akafikicha wanja machoni kwa ncha ya mtandio, jicho la kulia, kisha la kushoto. Akasema, si kwa nguvu, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kiko kwenye mtandio wake na ukumbi mzima ukasikia: "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Mume wangu Mshamu amekufa."

Nyuma, wanawake wakaitikia. Hawakupiga yowe. Walisema tu yale maneno, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimalizia kwa jina la mtu.

"Wanasema nini?" mkaguzi akamuuliza mkalimani.

Mkalimani alifungua mdomo. Alitazama suti yake. "Wanashukuru," akasema.

Siwatu akavua hereni, moja, ya pili. Akavua bangili, zikasita kidogo kwenye vifundo vya mikono iliyofanya kazi, zikatoka. Aliziweka mezani kati ya maua na simu. Hakuna mwanamke wa Kitopeni ambaye hakuelewa. Maalim Chande, aliyekuwa ameketi mstari wa viongozi, akavua miwani yake akafunika uso kwa kiganja.

"Ni zawadi," alisema Waziri haraka. "Ni desturi yetu, mama anawapa wageni zawadi."

Mkaguzi mkuu aliguswa sana. Alipanda jukwaani, akachukua bangili moja, akaivaa, akaunyoosha mkono wake apigwe picha. Ikamkaa vizuri. Alimgeukia Siwatu amshike mkono, lakini Siwatu alikuwa ameshavuta mtandio usoni, ameshuka ngazi, anapita katikati ya viti. Wanawake wakampisha. Akatoka, akaelekea nyumbani kukaa eda.